Jibu: Kilo 84, mita 1.58, nipungue kabla ya mimba?

Habari dada wa Moshi. Unauliza kama kilo 84 kwa mita 1.58 ni hatari ukibeba mimba. Gawa 84 kwa 1.58, kisha tena kwa 1.58: karibu 34. Hiyo ndiyo BMI, kipimo cha uzito kulinganisha na urefu. Kuanzia 30 ni unene uliopitiliza, unaoongeza uwezekano wa kisukari cha mimba, kifafa cha mimba na kujifungua kwa upasuaji. Si lazima vikupate!

Kwanza pima presha na sukari. Mwombe nesi mkanda mpana wa kupimia presha. Mwembamba kwenye mkono mnene huonyesha presha ya juu isiyokuwepo.

Kupungua kilo 4 hadi 8 kunasaidia. Acha soda; mtori kula, ila bakuli dogo. Foliki asidi (vitamini ya vidonge), angalau mikrogramu 400 kila siku, anza sasa. Ukishapata mimba usijinyime chakula: ongezeka kilo 5 hadi 9 kwa mimba nzima, na sukari ipimwe tena wiki ya 24 hadi 28.