Maswali yenu: kusoma kwa vitendo

Shikamoo mwalimu. Nasomea umeme wa majumbani VETA, chuo cha ufundi stadi. Karakanani niko vizuri, ila mtihani wa nadharia unaniangusha. Nifanyeje?

Marahaba. Wengi wenu taa ikishawaka mnakusanya vifaa na kuondoka, hapo ndipo mnapoharibu. Chukua swichi za ngazi, zile mbili zinazowasha taa moja. Kila moja ina sehemu tatu za kufungia waya: COM, L1 na L2. Kabla hujashika bisibisi, chora saketi bila kutazama kitabu. Kisha funga: waya wa moto, ule unaoleta umeme, uingie COM ya swichi ya kwanza, L1 iende L1, L2 iende L2, na COM ya pili iende kwenye taa. Ikiwaka, fungua zote, ficha mchoro, chora upya kwa kichwa, halafu uandike kwa nini taa huzimika swichi moja ikiwa L1 na nyingine L2. Rudia kesho kutwa, urudie tena wiki ijayo. Hayo maelezo ya "kwa nini" ndiyo mtihani unayoyataka.

Mimi ni mtu wa vitendo tu, maandishi hayaniingii. Kuna njia ya kukwepa kusoma?

Hakuna. Swali hili nalijibu kila mara, someni majibu ya nyuma kabla ya kuandika. Mwaka 2008 Harold Pashler na wanasaikolojia wenzake wa Marekani walipitia tafiti za dhana kwamba kuna watu wa kujifunza kwa macho, wa masikio na wa mikono. Hawakuona ushahidi wa kutosha kwamba mtu hufaulu zaidi akifundishwa kwa mtindo anaoupenda. Halafu fundi asiyesoma kibao cha maelezo cha mashine ataunganisha ya volti 110 kwenye umeme wetu wa 230.

Video za kwenye simu zinatosha?

Hapana. Isimamishe video kabla fundi hajafunga waya, useme kinachofuata, ndipo uendelee.

Naweza kufanyia mazoezi kwenye soketi ya nyumbani?

Usithubutu! Umeme huo unaua. Tumia betri mbili za tochi na balbu yake. Saketi ni ileile.

Mwanangu wa kidato cha pili anafungua kila redio, darasani anashuka. Nimnyang'anye bisibisi?

Usimnyang'anye, mama. Mpe redio mbovu ya betri, isiyochomekwa ukutani, pamoja na daftari. Kabla ya kufungua aandike anachodhani kimeharibika, akimaliza aandike alichokikuta. Na tafadhali, acheni kuwatishia watoto kwamba wakifeli watapelekwa VETA. Wanafika karakanani wameshaamini kwamba wameshindwa maisha, na muhula wa kwanza wote unaishia kuwatoa hofu hiyo badala ya kuwafundisha kazi.