Mwanangu, hiyo fomu haisemi unajitungia

Mwanangu,

Meseji yako nimeisoma nikaona hii sio ya kujibu kwa sauti ya WhatsApp, acha niandike. Unauliza mgongo ndio unauma toka mwaka jana, sasa mbona daktari kakupa fomu ya kuuliza kama umekosa raha na usingizi, anakuona unajitungia? Hapana mama. Maumivu yako ni ya kweli kabisa, na atakayekuambia "hayo ni mawazo tu" mwache aongee peke yake.

Ila kaa na mimi kidogo, nimekuwa nesi miaka yote ile bure? Maumivu yakipita miezi 3 yanaitwa sugu, na hapo mara nyingi sio jeraha tena linalopiga kelele, ni neva zenyewe zimekuwa kama mbwa aliyezoea kubweka, hata upepo ukipita anabweka. Ubongo una njia zake za kushusha maumivu, zinapita kwenye uti wa mgongo na zinatumia serotonini na noradrenalini, na kemikali hizo hizo ndio zinahusika na raha na huzuni yako. Ndio maana amitriptilini, dawa ya zamani ya sonona (ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha), inatolewa kwa dozi ndogo kwa maumivu ya neva na wala hakuna anayesema mgonjwa ni chizi.

Sasa wasiwasi nao unaingiaje. Unaogopa kuinama usije ukasagika pingili, kwahiyo huinami, huchoti maji, mwili unakaza muda wote, misuli inalegea kwa kukosa kazi, usiku unageuka geuka mpaka alfajiri, na usipolala kesho yake maumivu yanazidi, basi unaogopa zaidi. Alafu polepole umeacha kwaya, vikoba huendi, mtoto akitaka umpakate unamwambia nenda kwa dada. Mimi hiyo ya kwaya imeniuma kuliko huo mgongo, nisamehe kusema. Sonona huwa inapata nafasi hapo, pale mtu anapobaki na kitanda na kazi tu. Na inaenda kinyume pia, wodini wangapi wamekuja wanasema kichwa, kifua, mwili mzima unauma, ukikaa nao vizuri kumbe kuna msiba au ndoa imewashinda.

Hata hauko peke yako, WHO, Shirika la Afya Duniani, wanasema mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya mgongo wa chini.

Hiyo fomu kwa ulivyoieleza nadhani ni PHQ-9, fomu ya kupima dalili za sonona. Maswali 9, ya wiki 2 zilizopita, kila moja 0 mpaka 3, jumla 27, na ukifika 10 daktari anatakiwa akuchunguze zaidi, sio kwamba umeshahukumiwa. Ila kuna kitu uangalie, fomu inauliza usingizi, uchovu na hamu ya kula, na hivyo vyote maumivu peke yake yanaweza kukunyang'anya, kwahiyo mwambie daktari mdomoni nini kimekuja na mgongo na nini ni huzuni, asijumlishe namba tu akaandika dawa. Swali la mwisho la kutamani kufa ulijibu kweli, na kama jibu ni ndio nipigie hata saa nane usiku, simu siizimi.

Kuhusu diklofenaki, hiyo dawa ya maumivu ya duka la dawa unayomeza kila siku, acha. Tumbo, figo, presha, vyote vinaumia. Omba rufaa ya fizio, wale wa tiba ya mazoezi ya viungo, na tembea hata mpaka dukani na kurudi, kesho ongeza kidogo. Kwaya rudi uimbe umekaa, ukichoka toka nusu. Kila wiki usiniambie mgongo unauma kiasi gani, niambie umefanya nini. Lakini ukisikia ganzi sehemu za siri, mkojo hautoki au unatoka wenyewe, miguu inaishiwa nguvu, hapo hakuna mazoezi, kimbia hospitali siku hiyo hiyo, na homa za jioni na kukonda pia usikae nazo maana TB ya uti wa mgongo huku kwetu ipo.

Fomu ujaze mwenyewe, usimpe mumeo akusaidie, yeye anakuona unacheka mezani anadhani umepona. Na kadi ya bima usiisahau tena.

Mama yako, Morogoro