Barua kwa Bi Mkubwa: Nisome nini kwenye arobaini ya baba?

SWALI

Shikamoo Bi Mkubwa. Baba yetu amefariki akiwa na miaka 87, na mimi, kitinda mimba wake, ndiye niliyechaguliwa kusoma wasifu wake siku ya arobaini, baada ya khitma. Baba alizaliwa Kisarawe, akaja mjini kijana, akaajiriwa reli mpaka akastaafu akiwa karani wa mizigo. Hapa Temeke alikuwa mjumbe wa nyumba kumi tangu enzi za TANU, alifundisha kisomo cha watu wazima barazani kwetu, na mpaka miguu ilipomkatalia ndiye aliyekuwa mweka hazina wa chama cha kuzikana cha mtaa.

Kaka zangu wameandika ukurasa mmoja na nusu: mcha Mungu, mpole, mkarimu, mpenda watu, kisha vyeo. Nikiusoma simwoni baba. Tena wamemwacha dada yetu mkubwa, mtoto wa mke wa kwanza wa kule Kisarawe, ambaye baba aliachana naye kabla ya kumwoa mama. Wanasema tusichanganye watu. Chini ya kitanda nimekuta kaunta buku za chama, kwa mwandiko wake, zenye mistari kama huu: "Mama fulani kapungukiwa, nimemjazia." Nifanyeje?

Kitinda Mimba, Temeke

JIBU

Marahaba mwanangu, na poleni sana. Mwenyezi Mungu amrehemu mzee.

Ukurasa wa kaka zako nimeshausikia. Nimeusikia Buguruni, nimeusikia Mbagala, na juzi juzi nimeusikia hapa hapa Ilala kwa marehemu ambaye mtaa mzima ulijua kuwa upole haukuwa fungu lake. Sisemi kaka zako ni waongo. Maneno hayo ni kanzu ya kuazima tu, inamwenea kila mtu, na ndiyo maana humwoni baba yako ndani yake.

Anza na hizo kaunta buku. Huo mstari ulioniandikia unatosha kulifuta neno "mkarimu" na asitokee mtu wa kulidai. Mtu amekaa usiku na kalamu, anajumlisha michango ya sanda na turubai, anaona jirani hajafikisha. Angeweza kumsubiri kesho amdai mlangoni. Yeye anaingiza mkono mfukoni, hesabu inafunga, kisha anaandika ukweli ili asije akaonekana amechezea daftari. Hapo kuna huruma na kuna uaminifu wa karani wa mizigo, mtu aliyezoea kwamba gunia likipungua lazima pawe na maelezo. Soma mistari miwili mitatu ya namna hiyo, isome kama alivyoiandika.

Ila majina yote yatoe. Aliyejaziwa siku zile anaweza kuwa amekaa jamvini mbele yako, au mjukuu wake ndiye anayezungusha sinia. Baba yako alimsitiri mtu huyo, wewe usije ukamtangaza kwenye spika. Sema "jirani mmoja", basi. Na kaunta buku zenyewe ni mali ya chama: piga picha kurasa unazozitaka, kisha mkabidhi mwenyekiti mbele ya shahidi.

Sasa nikuulize. Hiyo hela ya kujazia watu ilitoka wapi? Mshahara wa karani wa reli naujua, nilikuwa na shemeji kota za Gerezani. Haukuwa mshahara wa kubakiza. Katika barua yako nzima mama umemtaja mara moja tu, na hapo ni kwa kuhesabu ndoa za baba. Kabla hujaenda kwa mwenyekiti wa mtaa kukusanya sifa, ingia ndani ukae na mama yako. Muulize mtu akifiwa saa nane usiku akaja kubisha kwa mjumbe, nani aliamka kufungua mlango. Muulize wageni wa vikao walikunywa chai ya sukari ya nani, hasa ile miaka ya mwanzo ya themanini ambapo sukari ilikuwa ya kupanga foleni. Muulize kitu gani alikusudia kukinunua akaambiwa subiri, kuna msiba. Asipotaka kusema, usimbane. Akisema, kiandike alivyokisema, ukisome kikiwa na jina lake.

Mtumishi wa watu ana saa zile zile tulizonazo sote, na anazowapa majirani anazitoa nyumbani. Kama Jumapili hamkumwona kwa sababu ya vikao, sema. Kisha sema alipokuwa nyumbani alifanya nini. Mimi nikisikia "alikuwa baba bora" nasinzia. Nikisikia kwamba alikagua madaftari yenu ya shule kwa kalamu nyekundu ya kazini, au kwamba yeye ndiye aliyewakata kucha kila Alhamisi, naamka. Wewe ndiye unayejua ni lipi kati ya hayo, mimi nabahatisha tu.

Tuje kwenye vyeo. Usivipange kama ngazi. Chukua mwaka mmoja uliombana. Mfano ni 1977. Tarehe 5 Februari TANU na ASP zikaungana kuwa CCM, kwa hiyo mjumbe wa TANU akawa mjumbe wa chama kipya. Mwaka huo huo Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, reli ya pamoja ikagawanywa, na hapa kwetu likaja Shirika la Reli Tanzania. Chama chake na mwajiri wake vyote vikabadilika ndani ya miezi michache, na yeye ana watoto wa kulisha. Alisemaje nyumbani? Alikuwa na wasiwasi? Kaka yako mkubwa lazima anakumbuka kitu.

Mwaka mwingine ni 1983, mwaka wa Nguvu Kazi. Vijana wasio na kazi walikuwa wakikamatwa mjini warudishwe vijijini kulima, na mjumbe ndiye aliyejua nani katika nyumba zake ana kazi na nani anadanganya. Cheo hicho watu wanakisoma leo kama pambo, lakini wakati ule kilikuwa mzigo, mtu angeweza kukitumia kumsitiri mwenzake au kumkomoa. Wazee wa mtaa wenu wanajua baba yako alisimama wapi. Ukiambiwa alimtetea kijana fulani, kisimulie kisa hicho. Ukiambiwa kuna aliyemkatalia, hicho usikisome, lakini kitakuzuia usimpake baba yako asali kupita kiasi.

Kisomo ndicho chepesi kuliko vyote. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mabaraza mengi ya Dar yakageuka madarasa. Tafuta bibi mmoja aliyejifunza kuandika jina lake barazani kwenu. Mpe dakika mbili aseme mwenyewe, nawe ukae.

Kitu kimoja nakuomba ukiache: kwamba baba alikuwepo uwanjani usiku bendera ya Tanganyika ilipopanda, Desemba 1961. Kama ana kisa chake cha usiku ule, kwamba alipoteza kiatu au alirudi kwa miguu mpaka Temeke, sawa. Lakini kila mzee anayefariki Dar siku hizi alikuwepo, na uwanja ule haukuwa mkubwa kiasi hicho.

Sasa dada yenu. Hili sina njia mbili: jina lake linasomwa, tena linasomwa la kwanza, kwa kuwa ndiye mtoto wa kwanza. Huyo ni mtoto wa ndoa, hakuna cha kuchanganya. Nahisi kaka zako wanachoogopa ni mirathi, ila wanaona haya kukitamka. Waambie polepole, si mbele ya wake zao, kwamba wasifu haugawi nyumba. Fungu la binti katika mirathi ya Kiislamu liko pale pale, atajwe kwenye spika asitajwe. Kikao cha ukoo kitakaa, kitapendekeza msimamizi, muhtasari utapelekwa Mahakama ya Mwanzo, na huko warithi wote wanatakiwa waorodheshwe. Wakimficha leo, kesho atajitokeza na wajomba zake wa Kisarawe, na mtaa ambao baba yako aliusuluhisha miaka yote utakuja kuwasuluhisha nyinyi. Wakikataa kabisa, ongea na shangazi yako, dada wa marehemu. Katika jambo la damu ya kaka yake hakuna kijana atakayembishia.

Na wewe mwenyewe mpigie dada simu leo. Usimpigie kumpa taarifa. Mwombe naye akupe kisa chake, baba alipokuwa akienda Kisarawe alimbebea nini, walikaa wapi, walizungumza nini. Naye pia alikuwa na baba, japo wa kuja na kuondoka, na upande huo wa mzee nyinyi wa Temeke hamuujui.

Siku yenyewe, mwone kwanza shehe wa msikiti wenu mkubaliane lini utasimama, maana wengine hawapendi maneno marefu baada ya dua, na ugomvi wa maiki kwenye arobaini ni aibu. Dakika saba hazizidi. Ukifika kwenye jina usilie mapema, kunywa maji, endelea. Halafu mwambie kijana wa vyombo spika moja aielekeze ndani: mama yako bado yumo edani, hatakaa na watu huko nje, na sehemu inayomhusu lazima aisikie yote.