Jibu: Kwa nini damu ilimwagika Kansas kabla ya vita vya 1861?

Ndugu, umeuliza ilikuwaje watu wakauana Kansas, eneo la Marekani lililokuwa bado si jimbo, wakati vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani havijaanza. Chanzo ni sheria ya 1854 iliyowaachia walowezi wa Kansas waamue kwa kura kama utumwa uruhusiwe au la. Ukishasema kura ndiyo itakayoamua, kila upande unakimbilia kuleta watu wake. Machi 1855 maelfu walivuka mpaka kutoka Missouri, jimbo jirani lililoruhusu utumwa, wakiwa na bunduki, wakapiga kura, wakarudi makwao. Wenye haki ya kupiga kura hawakufika 3,000, lakini kura zilipita 6,000!

Tarehe 21 Mei 1856 wafuasi wa utumwa waliuvamia mji wa Lawrence, wakachoma hoteli na kuharibu mitambo ya magazeti. Siku tatu baadaye John Brown, mpinga utumwa, na wenzake, usiku, waliwatoa wanaume watano majumbani mwao karibu na kijito cha Pottawatomie wakawaua, wengi wao kwa mapanga. Katika nyumba ya familia ya Doyle, mojawapo ya zilizovamiwa usiku huo, mama aliwasihi wamwachie mwanawe wa miaka 16. Wakamwacha, ila mumewe na wanawe wawili wakubwa hawakurudi. Mimi nauchukia utumwa kwa moyo wote, lakini usiku ule siwezi kuutetea.

Kansas ilikubaliwa kuwa jimbo lisilo na utumwa Januari 1861. Aprili vita vikaanza.