Bi harusi, usiguse mkorogo

Napamba maharusi hapa Dar es Salaam, na uso uliopakwa mkorogo naujua kabla mwenyewe hajasema. Nikiufuta kwa pamba yenye maji matupu unaiva wekundu, vimishipa vinajitokeza mashavuni, na bi harusi analalamika kwamba kunawaka. Nikimshika mkono naona ngozi imekuwa nyeupe lakini vifundo vya vidole vimebaki vyeusi. Uso wa namna hiyo hata vipodozi havikai vizuri.

Kwa hiyo, mdogo wangu, kama harusi ni mwezi ujao na mtu amekuahidi kukutoa rangi ndani ya wiki mbili, mkatalie. Mkatalie hata akiwa shangazi yako.

Mkorogo ni krimu kadhaa zilizochanganywa kwenye kopo lisilo na maelezo, na mara nyingi ndani yake mna steroidi kali kama klobetasoli. Hiyo ni dawa ya hospitali. Daktari humpa mwenye pumu ya ngozi, aipake kwa muda mfupi chini ya uangalizi. Ndiyo inayoleta ule ulaini wa siku za mwanzo, maana inatuliza uvimbe na vipele, na hapo ndipo wengi wanaponasa. Ukiendelea nayo, ngozi inakuwa nyembamba, michirizi inatokea mapajani, na vidonda vinachelewa kupona. Mfikirie mama aliyejifungua kwa upasuaji! Inaweza pia kuingia mwilini ikapandisha sukari na presha.

Kingine kinachotiwa kwenye mkorogo ni haidrokwinoni, ambayo huizuia ngozi kutengeneza rangi. Ikitumika muda mrefu inaweza kuyageuza mashavu yakawa na weusi wa bluu usiotoka kirahisi. Afrika Kusini iliipiga marufuku kwenye vipodozi mwaka 1990 baada ya kuona nyuso za wanawake wake zinaharibika.

Ninayoiogopa kuliko zote ni zebaki. Inaharibu figo na mishipa ya fahamu, inamfikia mtoto aliye tumboni, na kwa kuwa inatoa mvuke na kushika kwenye taulo na mashuka, hata watoto wa nyumbani wasiojipaka chochote wanaweza kuipata. Mwaka 2023 nchi za Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, zilikubaliana kuviondoa sokoni vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki kufikia 2025, lakini kopo lisilo na jina halisomi mikataba. Hata lenye jina, lisome: hydroquinone, clobetasol, betamethasone, mercury, calomel. Ukikuta onyo kwamba krimu isiguse dhahabu wala fedha, irudishe hapohapo. Hiyo ni dalili ya zebaki.

Kama umeshautumia mkorogo kwa miezi, usiache ghafla peke yako. Uso unaweza kuvimba, kuwaka na kujaa vipele, ndiyo maana wengi wanaurudia mkorogo wakidhani umewakubali. Nenda kwa daktari wa ngozi, na kopo lako ulibebe. Muhimbili wapo, na KCMC Moshi ndipo wanaposomea madaktari wa ngozi wa nchi nyingi za Afrika. Ukiwa mjamzito, mwambie nesi wa kliniki bila kuficha.

Mimi maharusi wangu nawarudisha kwenye singo ya Unguja: asumini, langilangi, waridi na mrehani vitwangwe kwenye kinu pamoja na liwa, mtu asuguliwe taratibu. Jaribu kwanza kidogo mkononi, usubiri siku moja. Ndimu usitie, maana ikikutana na jua inaunguza. Mchana paka losheni ya kuzuia jua. Madoa ya chunusi kwenye ngozi yetu yanakolea kwa jua kuliko tunavyodhani.

Na nywele? Utafiti wa Marekani uitwao Sister Study, uliowafuatilia wanawake zaidi ya 33,000 na kutolewa 2022, ulikadiria kwamba kufikia miaka 70, saratani ya mfuko wa uzazi huwapata kama 4 kati ya 100 wanaotumia dawa za kunyoosha nywele mara kwa mara, na chini ya 2 kati ya wasiozitumia. Haujathibitisha kwamba dawa ndiyo chanzo, lakini kwangu unatosha kukushauri usuke. Ukishikilia kuweka dawa, usijikune kichwa siku hiyo, na kama kuna kidonda, ahirisha.