Maswali na majibu: Nembo ya kuringia

Kapu la barua za wiki hii limejaa neofetch na ndugu zake: zile programu ndogo za terminali (dirisha la kuandikia amri) zinazochora nembo ya Linux yako na kuorodhesha kerneli (kiini cha mfumo), prosesa na RAM pembeni.

Nimesikia neofetch imekufa. Nitumie nini?

Nimeshalijibu hili mara mbili mwaka huu, nalirudia kwa mara ya mwisho. Mwandishi wake, Dylan Araps, aliifunga hazina yake ya GitHub, tovuti ya kuhifadhia programu, Aprili 2024 ibaki ya kusomwa tu. Toleo la mwisho, 7.1.0, ni la 2020. Ukurasani pake aliandika kwamba ameingia kwenye kilimo, na kwa barua ninazopokea mimi, namwelewa. Uliyonayo itaendelea kufanya kazi, ila usiitegemee kwa vifaa vipya. Weka fastfetch. Inafanya kazi ileile, ila imeandikwa kwa lugha ya C; neofetch ilikuwa skripti ya Bash (orodha ya amri zinazosomwa moja moja), na tofauti ya kasi utaiona kwa macho.

Je, inaongeza kasi ya kompyuta?

Hapana.

Muuzaji wa laptopu za mtumba amenitumia picha ya fastfetch kwa WhatsApp: Core i7, RAM 16 GB. Nilipe?

Usilipe. Fastfetch ina faili la mipangilio, na mwenye dakika tano anaweza kuandika humo mstari wowote anaotaka, hata kwamba mashine inatumia dizeli. Halafu "i7" peke yake ni jina la ukoo tu. i7-3520M ya 2012 ina koa (injini za ndani ya prosesa) mbili. I5-8250U ya 2017 ina nne. Kwa macho ya wengi i7 ndiyo kubwa, na wauzaji wanalijua hilo.

Nenda dukani na flashi yenye Linux, washa mashine kutoka kwenye flashi hiyo, uandike amri hizi mwenyewe. `lscpu` itakupa jina kamili la prosesa, `free -h` itakupa RAM. `sudo dmidecode -t memory` inaonyesha nafasi za RAM ni ngapi na kila moja imebeba nini. Kwa diski, `sudo smartctl -a /dev/sda`, kisha tafuta Power_On_Hours: hizo ni saa ambazo diski imekaa ikiwa imewashwa. Kifurushi cha smartmontools, chenye hiyo smartctl, kiweke kwenye flashi kabla hujatoka nyumbani, intaneti ya dukani usiitegemee.

Betri ndiyo inayosahaulika. Mwaka juzi niliuziwa laptopu "betri mpya kabisa, bosi". Nilipofika nyumbani nikafungua `/sys/class/power_supply/BAT0`: energy_full_design (uwezo wa kiwandani) 47500000, energy_full (uwezo wa sasa ikijaa) 11200000. Haikufika hata robo ya ilivyotoka kiwandani. Nilirudi kesho yake nikakuta yule kijana "amesafiri". Ningesoma namba hizo mbili pale kaunta, hela yangu ingebaki mfukoni.

Nina RAM 8 GB lakini inaandika 7.6 GiB. Nimeibiwa?

Hujaibiwa. Kerneli na kadi ya picha iliyomo ndani ya prosesa hujitengea fungu lao mapema. Diski ya 500 GB kuonekana 465 ni jambo jingine: kiwanda kinahesabu kwa 1,000, mashine inahesabu kwa 1,024.

Niliweka fastfetch mwanzoni mwa .bashrc ya seva (faili la amri zinazojiendesha ukiingia) ipendeze nikiingia. Sasa scp, amri ya kuhamisha mafaili, inagoma, inasema "Received message too long".

Faili la .bashrc husomwa hata pale scp inapoingia kimya kimya kuhamisha mafaili. Inangoja data, wewe unaipa nembo ya rangi saba. Debian na Ubuntu huweka juu ya faili hilo mistari inayorudisha nyuma kila asiyekuwa mtu kwenye kibodi. Wewe umeiweka amri yako kabla ya mistari hiyo. Shusha amri yako chini ya mistari hiyo. Au iondoe kabisa, maana seva haina wageni wa kuisifia sebule.

Seva ya ofisi yetu, ya kukodi, ina uptime (muda tangu iwashwe) ya siku 412! Nimeambatisha picha.

Pongezi hutazipata kwangu. Ninachokiona ni kerneli ya siku 412. Ukisakinisha mpya, haishiki kazi mpaka uwashe mashine upya, labda uwe na huduma ya kuibandika viraka ikiwa inatembea, na picha hii haionyeshi kwamba unayo. Tena mstari wa juu una jina lako la kuingilia na jina la seva, na ule wa Local IP una anwani ambayo, kwa kuwa seva ni ya kukodi, ni ya hadharani. Umemchorea mwizi nyumba, ukamwandikia na kitasa kipi kimelegea.

Unasema umeituma pia kwenye makundi mawili ya Telegram. Ifute huko, sasisha, washa upya usiku wa leo. Nakala yangu nimeshaifuta.