Hakunitolea Mahari, Lakini Nyumba Tulijenga Wote

SWALI: Mheshimiwa Wakili, nimeishi na mwanamume kwa miaka sita hapa Chanika na tumezaa watoto wawili, mdogo ana miaka mitatu. Kiwanja kiko kwa jina lake, lakini mabati na saruji vilinunuliwa kwa fedha za genge langu. Sasa ananitaka niondoke, akidai kwamba hakunitolea mahari wala hatukufunga ndoa. Je, ni kweli sina changu?
Mama wa Wawili, Dar es Salaam

JIBU: Si kweli, dada yangu, na ninakusihi usifungashe virago. Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinaeleza kwamba mwanamume na mwanamke walioishi pamoja kwa miaka miwili au zaidi, hata wanaowazunguka wakawatambua kuwa mume na mke, huchukuliwa kuwa wamefunga ndoa, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mwenzako anaweza kuipinga dhana hiyo, kwa mfano akionesha kuwa ana ndoa ya Kikristo ambayo haijavunjwa. Lakini hata akifaulu, kifungu hichohicho kinakuruhusu kudai matunzo yako na ya watoto, na mwaka 1994 Mahakama ya Rufani iliamua kuwa mali iliyochumwa pamoja nayo yaweza kugawanywa.

Jina lililo kwenye hati halimalizi shauri. Tangu uamuzi wa Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Seif, mwaka 1983, hata kazi za nyumbani na malezi huhesabiwa kuwa mchango, sembuse wewe uliyenunua mabati! Usitarajie nusu kwa nusu, kwani mahakama hupima mchango wa kila mmoja. Kwa hiyo tafuta mapema risiti za vifaa vya ujenzi, kumbukumbu za miamala ya simu, fundi aliyejenga, na majirani wanaowafahamu kama mke na mume.

Kuhusu watoto, mahakama huanza na dhana kwamba aliye chini ya miaka saba ni heri akae na mama yake, na baba hawezi kukwepa matunzo kwa kisingizio cha kukosekana kwa cheti cha ndoa.

Anzia Baraza la Usuluhishi la kata yako. Likishindwa kuwapatanisha, litakupa hati utakayoambatanisha na madai yako katika Mahakama ya Mwanzo. Ikiwa huna fedha, mtafute msaidizi wa kisheria anayetambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na usitie saini karatasi yoyote kuhusu nyumba hiyo kabla hujaonana naye.